Gari Walilotaka Kupandia Maua

Gari lile lilikuwa langu. Naanza na hilo kwa sababu hadi leo wako watu Msambweni, watu wazima, wanaosema nilimpokonya ndugu yangu mali yake. Hawakuwapo baba aliponipa. Hawakuwapo nilipolala chini ya gari kutu ikiniingia machoni. Lakini wanasema, basi na mimi nitasema.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari Ukunda, miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati Diani haijajaa hoteli na Wazungu wengi waliishi katika nyumba za ufukweni. Baadhi yao walikuwa na magari ya michezo ya Kiingereza: magari ya watu wawili, yasiyo na paa ila turubai la kukunja, yenye rimu za spoki kama za baisikeli, yaliyokaa chini hata mbuzi aliyesimama kando angeweza kuchungulia ndani. Yalikuwa mazuri sana na yalikuwa na maudhi sana. Yalivuja oili. Yalikataa kuwaka siku ya mvua. Taa zake zilizimika zilipojisikia. Mafundi wengine waliyakimbia, baba akayapokea yote, na nadhani aliyapenda kwa maudhi yake hayohayo.

Mimi nilikuwa kifungua mimba. Ndugu yangu wa kiume alikuja miaka mingi baadaye, kwa hiyo niliyekuwa nikikaa gereji na baba baada ya chuo cha Kurani na shule ni mimi. Nilianza kwa kumpa spana. Halafu nikawa nafungua, nikawa nafunga. Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya kabureta. Injini za magari yale zilikuwa na kabureta mbili, na gari halitulii mpaka zote mbili zivute hewa sawasawa. Baba alinipa kipande cha mpira wa petroli, ncha moja nitie sikioni, ncha ya pili niisogeze kwenye mdomo wa kabureta nisikilize mvumo wake, kisha nihamie ya pili. Yeye alishika bisibisi akinisubiri. Nikisema hii inavuta zaidi, alizungusha skrubu kidogo. Aliliamini sikio langu kuliko lake.

Kisha nikavunja ungo, na ikawa basi. Wanawake wa mtaani walimjia mama wakamwambia si sura nzuri, mwari kulala chini ya magari ya wanaume. Mama akamwambia baba. Asubuhi moja nilipovaa shati langu la kazi, baba aliniambia nibaki nyumbani nimsaidie mama, na alilisema hilo akiwa anatazama mlango. Sikulia. Nilikasirika, na ile hasira sikuwa na pa kuiweka, nikaolewa nayo.

Maisha yangu mengine yote ya kazi niliyapitisha kwenye dobi la hoteli moja ya Diani. Nilifua na kupiga pasi mashuka ya wageni, nikasomesha watoto, nikamzika mume wangu. Halafu zikaja zile vurugu za mwaka wa tisini na saba huku kwetu Pwani, wageni wakakatika, na nyuma yake ikaja mvua kubwa iliyovunja madaraja na barabara. Hoteli ikafunga vyumba vingi. Sisi wa dobi tukaambiwa twende nyumbani, tutaitwa. Hatukuitwa.

Nikahamia Msambweni, ambako baba na mama walikuwa wamejenga baada ya gereji kufungwa. Baba alikuwa mgonjwa, macho yake yamekwisha nguvu. Na pale nyuma ya nyumba, chini ya banda la makuti, lilikuwapo gari moja la aina yale. Mteja wake wa mwisho, mzee wa Kizungu, alipoondoka nchini alimwachia baba kama zawadi. Baba alikuwa amenuia kulifufua, lakini macho hayakumpa nafasi. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva.

Muda mfupi kabla hajafariki, tukiwa sote chumbani, mama, mimi na ndugu yangu, baba alimwambia ndugu yangu kwamba kiwanja cha Ukunda ni chake yeye, na gari ni langu. Ndugu yangu alicheka. Akaniambia, "Chukua, dada. Ukafugie kuku." Baba alitafuta mkono wangu akaushika.

Msiba ulipopita, nilivuta sanduku la spana kutoka chini ya kitanda cha mama. Zilikuwa spana za inchi, maana magari yale hayakubali spana za kawaida za milimita, na baba alizipaka grisi na kuzifunga kwa vitambaa kama vile alijua zitakaa sana. Nilipofungua sanduku, ile harufu ilinitoa machozi. Kisha nikawafukuza kuku.

Nataka ieleweke kwamba sikulitengeneza lile gari nipate riziki. Nilikuwa nikiuza maandazi na kushona foronya, riziki yangu ilitoka huko. Gari lilikuwa raha yangu. Na hilo ndilo lililowashinda watu kabisa. Jirani akipita barazani aliuliza nitalifanyia biashara gani. Nikisema hakuna, aliuliza basi ni la mwanangu yupi. Nikisema ni langu, alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa hatapona. Wanaume wa mtaa wetu walicheza bao kuanzia baada ya adhuhuri mpaka magharibi, kila siku ya Mungu, na sijapata kusikia mtu akiwauliza bao lile litawaletea nini. Mimi nikilala chini ya gari langu, uani kwangu, nimevaa suruali ya marehemu mume wangu na leso juu yake, nimefunga na lango, nilidaiwa maelezo.

Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu yote, maana chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Nilipasua pipa, nikalinyoosha bati lake kwa nyundo, nikalikata kwa umbo la sakafu ile, kipande kwa kipande. Mashine ya kuchomelea sikuwa nayo, nikampelekea mchomeleaji wa madukani. Aliuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akacheka, akauliza tena, ni nani aliyenituma. Mombasa ilikuwa vilevile. Katika duka la spea nilimwambia mwenye duka gasketi ninayoitaka, na ya injini gani. Akamgeukia mwanamume aliyesimama nyuma yangu, mtu nisiyemjua, aliyekuja kununua taa ya lori, akamjibu yeye. Yule bwana alishangaa kama mimi. Nilirudia swali langu kwa sauti, na jibu likaenda kwake tena. Nilirudi na gasketi yangu, lakini kivukoni, juu ya feri, bado nilikuwa nikibishana naye peke yangu.

Hata hivyo zilikuwa siku njema. Mikono ilikumbuka mambo ambayo kichwa kilikuwa kimesahau. Nilifungua klachi iliyoshikana kwa kutu, nikasugua spoki moja moja, nikasafisha kabureta kwa mswaki. Mama alikuwa akichagua mchele kwenye ungo upande wa pili wa uani, na mara nyingine aliniuliza jina la kifaa, nikamwambia, akalirudia mwenyewe taratibu. Huyu ndiye aliyenitoa gereji, na sasa alikuwa akinipozea chai.

Asubuhi ile injini ilipowaka, mama aliziba masikio kwa leso, halafu akaanza kucheka na asiweze kuacha. Nikatia mpira sikioni. Kabureta ya nyuma ilivuta zaidi. Bisibisi niliishika mwenyewe. Nilipomaliza, mvumo ukawa mmoja, na gari likatulia likinguruma pole pole. Wiki ile nilimpakia mama tukaenda mpaka Ramisi na kurudi. Buibui lake lilijaa upepo likamfunika uso, akawa analipigapiga lishuke huku akiniambia niongeze mwendo. Watu walisimama kando ya barabara kutuangalia. Nikawaacha waangalie.

Habari zilimfikia ndugu yangu Ukunda. Alikuwa akiuza vinyago kwa wageni, na wageni walipokatika biashara yake ikafa. Najua alikuwa katika dhiki, sikatai. Alikuja, akanipa shikamoo, akazunguka gari akilipapasa, akanisifu mikono. Kisha akauliza kama ningeliuza. Nikamwambia siuzi. Akasema, "Sawa, dada," akanywa chai yake, akaenda zake.

Baadaye binti yangu alijifungua Lunga Lunga, nami nikaenda kumwangalia mpaka alipopata nguvu. Niliporudi, banda lilikuwa tupu. Pale chini palibaki doa la oili na alama za matairi makubwa, ya lori.

Mama alikuwa jikoni. Sikumuuliza, alisema mwenyewe kwamba ndugu yangu alikuja na watu, wakalipakia, na kwamba alisema limenunuliwa na hoteli ya Diani.

"Na wewe ulimwambiaje?" nikamuuliza.

"Ni mwanangu wa kiume," akasema. "Ningemwambiaje?"

Niliogopa ambacho ningesema. Nilitoka nikasimama bandani mpaka miguu ikachoka. Kuibiwa na mwizi ni jambo moja, unamlaani unalala. Lakini huyu alikunywa chai yangu, akanitazama mikono iliyochubuka, akaona mali ile ni ya kuchukuliwa kama nazi iliyoanguka barabarani. Na aliyekuwa mlangoni, akimwona anaichukua, ni mama yetu.

Asubuhi yake nilikwenda Diani. Hoteli yenyewe ilikuwa ileile niliyoifulia mashuka. Mlinzi wa langoni alinijua, akaniamkia, akanifungulia, akidhani nimekuja kuulizia kazi. Na mbele ya ngazi za mapokezi, katikati ya majani mapya yaliyokatwa vizuri, niliona gari langu. Walikuwa wamelipandisha juu ya mawe. Viti vilikuwa vimeng'olewa na kuegeshwa ukutani. Kando yake palikuwa na toroli la udongo mweusi na miche ya maua kwenye mifuko.

Mtunza bustani, kijana mwenye adabu, hakujua mimi ni nani. Alinieleza kwa furaha. Ndani ya gari watajaza udongo, wapande maua, yatambae mpaka kwenye usukani. Injini itatolewa kesho, na pale mbele patapandwa maua mafupi. Kisha akanionyesha sakafu. Ile sakafu yangu, ya bati la pipa, niliyoinyoosha kwa nyundo, walikuwa wameitoboa kwa drili toka mwanzo hadi mwisho. Ili maji yatoke, akasema, mizizi isioze.

Nilihisi kama nimetobolewa mwenyewe. Nilimwambia aniitie meneja.

Meneja alikuwa mtu wa bara, mstaarabu, hakunipandishia sauti hata mara moja, na hilo lilinikera zaidi. Nilimweleza kwamba gari ni langu na aliyemuuzia hakuwa na idhini yangu.

"Mama, hiyo gari imeshanunuliwa," akasema. "Wageni wakianza kurudi tunataka wapate kitu ya kupiga picha. Na aliyetuuzia ni mwanaume wa hiyo boma. Mambo ya nyumbani, si mngemalizia nyumbani?"

Mwanaume wa hiyo boma, yaani wa nyumba yetu. Nililisikia neno lile nikayasikia na yale yote ya nyuma yake: mchomeleaji, mwenye duka la spea, wanawake waliomjia mama nikiwa mwari. Nilivua viatu nikaviweka kwenye majani. Nikafungua mlango wa gari nikaingia. Viti havikuwapo, nikakaa chini juu ya bati, juu ya matundu yao, nikashika usukani uliokuwa usawa wa uso wangu.

"Basi mwageni udongo," nikawaambia. "Mimi sitoki."

Meneja alinisihi. Akaleta askari wa hoteli wawili, na wote wawili niliwafulia sare zao miaka na miaka. Walisimama pale wakitazama viatu vyao, hakuna aliyetaka kunigusa. Wageni wachache waliokuwapo walitoka kuangalia. Mmoja akanipiga picha. Nadhani walidhani ni onyesho la wenyeji. Niligeuza uso. Jua lilipanda, bati likawa moto, nikatandika leso yangu nimeikunja mara mbili. Mwanamke niliyefanya naye kazi dobini, mmoja wa wachache waliobakizwa, alikuja kwa njia ya nyuma akanipa maji na mahamri mawili ndani ya karatasi, akarudi kazini. Adhuhuri ilipoingia nilisali palepale nimeketi, maana nilijua nikitoka tu sitarudi ndani.

Nilikuwa na haya, sitasema uongo. Mwanamke wa umri wangu, mjane, nimekaa chini ndani ya gari mbele ya watu. Lakini kila haya ilipozidi, nilipitisha kidole kwenye kingo za tundu moja, bado zilikuwa na makali, na hasira ikaniweka mahali pangu.

Meneja alimpigia simu ndugu yangu. Alasiri teksi iliingia, akashuka yeye na mama. Alikuwa amempitia Msambweni kusudi, ili mama anitoe. Alifika gari lilipo akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba ninatia aibu familia, nitoke tukaongee kwetu.

"Baba alipolitoa ulisema nikafugie kuku," nikamwambia. "Lilipokuwa takataka lilikuwa langu. Limekuwa lako lini?"

Alisema yale yalikuwa maneno ya mzaha, na kwamba mwanamke hana haja na gari la namna ile, na watoto wake wana njaa. Akamgeukia mama. "Mama, mwambie."

Mama alikuwa amesimama kando ya toroli. Alitazama viti vilivyoegeshwa ukutani, akatazama matundu, akanitazama mimi chini nilipokaa. Kisha akasema, si kwa ndugu yangu bali kwa meneja:

"Mwanangu, baba yake alimpa huyu binti. Nilikuwapo, na huyu ndugu yake naye alikuwapo. Siku alipokuja kulichukua nilinyamaza, na sikufanya vyema. Mrudishieni gari lake."

Sijapata kumsikia mama akimpinga ndugu yangu mbele ya mtu, kabla ya siku ile wala baada yake. Meneja alimshika mkono wakaenda kando kuzungumza, na walipatana nini sijui, sikuuliza. Aliporudi aliwaambia vijana wa bustani waliteremshe gari.

Walivirudisha viti. Waya za betri zilikuwa zimefunguliwa, na kijana mmoja akataka kuzifunga kama za magari mengine. Nikamzuia haraka, maana katika gari lile waya unaoshikwa kwenye bodi ni wa chanya, na angeunguza kila kitu. Nilizifunga mwenyewe. Betri ilikuwa imelala, wakatusukuma kwenye ile barabara ya changarawe, mimi na mama ndani, mpaka injini ikashika. Kwa meneja sikuaga. Adabu yangu yote ya siku ile nilikuwa nimeimaliza.

Barabara ya Msambweni ilikuwa bado na madimbwi. Kila tulipopita juu ya maji, yaliruka kupitia kwenye matundu yakatulowesha. Mama aliinua miguu akaikalia kitini, buibui limelowa mpaka magotini. Karibu na Mwabungu aliniambia nisimchukie ndugu yangu. Nikamwambia asiniombe hilo leo.

Matundu niliyaziba kwa vipande vya bati na riveti, kwa sababu kwa mchomeleaji yule sikutaka kurudi. Kazi haikutoka nzuri. Ukiinua zulia unaona mabaka. Nikiyaona damu inanichemka bado. Watu walikuja kunisuluhisha, wakaniuliza kama gari lina thamani kuliko ndugu wa tumbo moja. Niliwauliza kama swali hilo walianzia kwake. Hawakuwa wameanzia kwake.

Idi ile hakuja. Iliyofuata alikuja, na mkewe na watoto. Watoto waliomba kupanda gari, nikawazungusha mpaka madukani na kurudi, maana wao hawakunikosea. Yeye alikaa barazani na mama. Hakuomba radhi, na hajaomba. Alipokuwa akiondoka alisimama mbele ya boneti, mikono mfukoni, akauliza kama bado linavuja oili.

"Linavuja," nikamwambia, nikaingia ndani kumfungia mama sahani zake za wageni kabatini.